Mvua za Kwanza Bila Bibi Mbavu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo mchana, nikiwa napiga pasi shati la mtu kule kwa dobi. Wenzangu walikimbilia dirishani. Mimi nilibaki na pasi mkononi, mguu mmoja tayari umeelekea mlangoni, maana miaka yote hii tone la kwanza likianguka nilikuwa naomba ruhusa na kukimbia nyumbani. Mama mkwe alihitaji mtu wa kufungua milango miwili ya chumba cha mbele na kutoa benchi nje. Leo hakuna wa kukimbilia. Tajiri wangu alinitazama akasema, "Si uende?" Nikamwambia niende wapi. Akaona haya, akajifanya anatafuta vitundikio vya nguo.

Mama mkwe alikuwa fundi wa miavuli. Mtaa mzima ulimwita Bibi Mbavu, kwa sababu ya zile mbavu za mwavuli zinazovunjika na upepo. Kifua kilimchukua mwezi uliopita, kabla ya mawingu. Mume wangu, mwanawe, alimtangulia zamani. Binti yangu yuko kazini mji mwingine. Kwa hiyo nyumba hii ilibaki ya watu wawili, na sasa ni yangu peke yangu, kama ni yangu.

Kila jioni nilikuwa nikimsimulia siku yangu, naye alikuwa akinisahihisha hata mambo ambayo hakuyaona. Sina tena wa kumsimulia. Ndiyo maana naandika.

Jumanne, 5 Machi

Wa kwanza amekuja sijamaliza hata kufunga vifungo. Mwalimu wa chekechea, yule mwenye sauti ndogo. Mwavuli wake umegeuka ndani nje kama ua.

"Bibi yupo?"

Nikamwambia. Alisimama pale mvuani, mwavuli mbovu mkononi, maji yakimtiririka puani. Akasema, "Lakini mimi nilimwona juzi juzi tu, kabla ya likizo," kama anayetaka nikague upya.

Nikamkaribisha ndani, akakataa. Akaenda zake ameulowesha mfuko wake wa vitabu.

Alhamisi, 7 Machi

Wengine tena leo. Nimegundua kwamba nikilisema neno la kifo polepole, mtu anapata nafasi ya kushika moyo, kukaa chini, kulia, na mimi nageuka kuwa wa kumbembeleza. Nikilisema haraka anashtuka na kuondoka. Nimeanza kulisema haraka.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua.

Jumapili, 10 Machi

Siku nzima niko ndani. Nimekaa kwenye kiti chake, kile kifupi, na magoti yangu yakapanda hadi kidevuni. Yeye alikuwa mrefu kuliko mimi, sijui alijikunja vipi.

Chumba cha mbele kiko kama alivyokiacha. Meza ya kazi chini ya dirisha, imejaa mikwaruzo. Koleo zimetundikwa ukutani kwa ukubwa. Makopo ya springi, ya misumari midogo, ya vifuniko vya ncha. Vitambaa vya miavuli iliyokufa vimekunjwa kwa rangi, vyeusi chini kwa sababu ndivyo vingi. Na kwenye kona, ndani ya pipa, imesimama miavuli ya watu aliyoipokea kabla hajaugua. Kila mmoja umefungwa kikaratasi chenye maelezo yake. Hakuandika majina ya wenyewe. Aliandika magonjwa. "Huyu nyonga." "Huyu mbavu mbili na uchovu." "Huyu mwenye wake ndiye mgonjwa, mwavuli mzima."

Kazi hii alifundishwa na mpangaji. Ndivyo alivyonisimulia. Mumewe alipomwachia watoto wawili wadogo, alikodisha chumba hiki cha mbele kwa mzee mmoja fundi, asiye na ndugu, mkali kama pilipili. Mzee yule alikuwa anatetemeka mikono. Akawa anamwita, "Hebu nishikie hapa." Leo nishikie, kesho nishikie, mwisho mzee akawa anakaa kitini na kuamrisha tu. Alipofariki, wateja walikuja wakamkuta mama mkwe anashika bila wa kumwambia ashike. Akasomesha watoto wawili kwa mvua. Ukilalamika mbele yake kwamba kumekucha na matope, anakutolea macho: "Usimtukane mwajiri wangu."

Hakuwa mpole, nisije nikamfanya malaika kwa sababu kafa. Alikuwa na ulimi. Kuna mwanamke wa duka la mkate ambaye hawakusalimiana tangu binti yangu anatambaa, na chanzo alikisahau, ila hakusahau kununa. Alipenda kuambiwa amependeza. Akicheza karata anaiba, ukimshika anacheka hadi anakohoa.

Mume wangu alipofariki, ndugu wa ukoo wake walikaa wakajadili niende wapi. Nilikuwa bado kijana. Wengine walisema nirudi kwetu, wengine walisema mtoto abaki, mimi niende. Mama mkwe alikuwa anashona kitambaa, hakuinua uso. Akasema, "Mlango ule pale, na ufunguo ule pale. Mwacheni achague mwenyewe." Nikachukua ufunguo. Hakunishukuru, wala mimi sikumshukuru. Jioni ile tulikunywa chai.

Jumatano, 13 Machi

Dirisha la jikoni linavuja. Nimeweka beseni.

Ijumaa, 15 Machi

Nimempigia binti yangu. Ameniuliza kama nimekula, nikamuuliza kama amekula. Kisha kimya, mpaka nikasikia watu wa ofisini kwake wakizungumza. "Mama, nitakupigia baadaye." Hajapiga.

Jumamosi, 16 Machi

Hajapiga.

Jumatatu, 18 Machi

Wifi amekuja. Dada yake marehemu mume wangu, mtoto wa kwanza wa mama mkwe, na ndiye pekee aliyebaki. Anasimamia bohari ya dawa kule anakoishi, mwanamke wa kupanga vitu kwenye rafu na kufunga kwa kufuli. Hakuwahi kuwa na mume wala mtoto. Nimemkuta mlangoni na mabegi mawili, ananisubiri mvuani bila mwavuli. Mtoto wa Bibi Mbavu!

"Wifi, karibu. Mbona hukusema unakuja?"

"Kwani kwetu nako mtu anapiga hodi kwa simu?"

Nikamwandalia chai, nikampa kile kikombe kizuri chenye maua, nikamwambia akae apumzike na safari. Alikaa. Alikitazama kikombe, akakiweka chini, chai ikapoa.

Jumanne, 19 Machi

Nimerudi kazini nikamkuta wifi ana futi ya kupimia, anapima chumba cha mbele. Ukuta hadi ukuta, kisha mlango hadi dirisha. Aliponiona akaikunja futi haraka akaitia mfukoni.

"Kinavuja?" nikamuuliza.

"Hapana. Naangalia tu."

Niliingia jikoni nikakata vitunguu, nikamshukuru kitunguu.

Alhamisi, 21 Machi

Amepima tena, akidhani nimelala mchana. Basi nimejua. Chumba cha mbele kitapangishwa, na baada ya chumba cha mbele itakuwa nyumba nzima. Yeye ana haki. Mimi ni mke wa marehemu, na marehemu mwenyewe kaoza. Mama mkwe ndiye aliyekuwa kamba iliyonifunga kwenye nyumba hii. Imekatika.

Nimewaza nitaenda wapi. Kwa binti yangu kuna chumba kimoja na kitanda kimoja. Kwetu nilikozaliwa wanaishi watoto wa kaka yangu, wananiita shangazi kwa adabu ile ya kumwita mtu aliye safarini.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua kutwa. Mimi na wifi tumezungumza maneno haya: chumvi, taa, usiku mwema.

Jumatano, 27 Machi

Wifi alikuwa sokoni. Akaja mzee mmoja, amevaa koti refu la wafanyakazi wa reli lililobadilika rangi, kofia mkononi. Nilimfahamu kwa sura. Huja kila mvua. Mama mkwe alimwita Mzee wa Stesheni, maana alikuwa mpuliza filimbi wa treni kabla ya kustaafu. Safari hii alichelewa, kumbe alilazwa.

Nilishajiandaa kulisema haraka. Lakini alikuwa amenyoa ndevu, ana kidonda kidogo cha wembe shavuni, na mwavuli ameukumbatia kama mtoto. Nikasema, "Mzee, kaa kwanza."

Akaelewa kabla sijaendelea. Hakukaa. Aliuliza, "Lini?" Nikamwambia. Akahesabu kitu vidoleni, nadhani alikuwa anatafuta siku ile yeye alikuwa kitanda gani hospitalini.

"Aliumia sana?"

"Siku za mwisho alikuwa analala tu."

"Alifanya vizuri." Akaangalia meza, koleo, kiti kile kifupi. Kisha akanipa mwavuli wake. "Ubavu mmoja umekatika. Mwachie hapa."

"Mzee, hakuna wa kuutengeneza."

"Najua. Mwachie tu hapa. Sitaki kurudi nao."

Akaondoka anatembea na mvua kichwani. Nilimtazama hadi alipokata kona. Huyu ndiye wa kwanza aliyenifanya nilie tangu mazishi. Nilijifungia chooni ili wifi akirudi asinione.

Jumamosi, 30 Machi

Naandika nguo zangu zikiwa bado zimelowa.

Mvua ya leo haikuwa ya kawaida. Ilianza asubuhi kama watu wanamwaga changarawe juu ya bati. Adhuhuri mtaro wa nyuma ukaziba, maji yakaanza kuingia kwa mlango wa uani, mekundu, yamebeba majani na kandambili ya mtu. Kwanza jikoni, halafu ukumbini, halafu chumba cha mama mkwe, ambacho kiko chini kuliko vyote. Hatujakigusa chumba hicho tangu afariki. Kitanda kimetandikwa vile vile nilivyokitandika mimi walipomtoa.

Tuliingia wote wawili mbio. Wifi akashika godoro. Mimi nikashika sanduku la nguo zake lililokuwa chini ya kitanda, tayari limelowa pembeni.

"Godoro kwanza!" akasema.

"Nguo zinalowa!"

"Nimesema godoro! Acha hilo, hivyo ni vitu vya mama yangu."

Sijui nini kilikatika ndani yangu. Niliweka sanduku juu ya kitanda, nikasimama na maji kwenye vifundo vya miguu, nikapiga kelele. Mimi, ambaye tajiri wangu huniambia niongeze sauti.

"Vya mama yako? Nani alimwogesha? Nani alimlisha kijiko kwa kijiko, akitema namfuta, namlisha tena? Wewe ulikuwa unakuja na mfuko wa matunda unakaa ukingoni mwa kiti kama umekuja kumwona mgonjwa wa jirani!"

Godoro likamponyoka, likaangukia majini.

"Ndiyo!" akasema. "Kama mgeni! Na nani alinifanya mgeni? Nikiingia jikoni, wifi kaa, wifi pumzika, wifi umetoka safari. Nikitaka kumsuka mama nywele, ameshasukwa. Nikimuuliza anataka kula nini, anakutazama wewe ndiyo ujibu. Kwetu, nyumba niliyozaliwa, nanyweshwa chai kwa kikombe cha wageni!"

Kikombe kile cha maua. Nilidhani namheshimu.

"Sasa si umepata," nikasema hatimaye, lakini sauti ilikuwa imeisha nguvu. "Umeshapima chumba. Utanitoa lini?"

"Nikutoe?" Alinitazama kama nimesema lugha asiyoijua. "Nilikuwa napima kama kitanda changu kitaenea."

"Kitanda gani?"

"Changu! Nastaafu mwakani. Nitakaa wapi mimi, na rafu za dawa? Nilikuja kukuomba. Toka siku ile nimefika natafuta pa kuanzia, na wewe unaninyamazia kama ukuta."

Kuniomba. Mimi. Nyumba ya mama yake.

Akaketi kwenye kitanda kisicho na godoro, miguu majini, akalia kwa sauti, kinywa wazi, kama mtoto aliyepotea sokoni. Sijawahi kumwona hata akifuta jicho, mazishini ndiye aliyekuwa anagawa viti. Nikakaa karibu naye. Hatukukumbatiana, hatujazoea. Bega lake lilikuwa limegusa langu na lilikuwa baridi.

Baadaye kidogo akasema, "Godoro limekufa."

"Limekufa," nikasema.

Tukaanza kuteka maji kwa ndoo. Majirani walifungua mtaro kabla jua halijazama.

Jumapili, 31 Machi

Tumeanika nguo zake ndani, kamba kutoka ukumbini hadi mbele. Nguo ni chache kuliko nilivyodhani. Wifi alifungua gauni moja la kijani akasema, "Hili alivaa siku niliyofaulu darasa la saba. Alinitembeza mtaa mzima tukiwa na mwavuli mmoja, na hapakuwa na mvua wala jua. Alitaka tu watu watutazame."

Sikujua hilo. Nilidhani najua yote.

Jumanne, 2 Aprili

Nimerudi kutoka kwa dobi nikasikia sauti ya koleo. Nilisimama uani. Nilijua si yeye, lakini miguu ilikataa kujua.

Ni wifi. Kwenye kiti kifupi, miwani kwenye ncha ya pua, mwavuli umelala mapajani tumbo juu. Kumbe anaijua kazi! Alikulia chini ya meza ile. Akiwa msichana alikuwa akitoka shule anafunga mbavu hadi vidole vinachanika, na wenzake wakimwita Binti Mbavu. Aliichukia. Aliapa atafanya kazi ya kukaa na kuandika.

"Hii miavuli ina wenyewe," akasema bila kuinua uso. "Mama hakuwa mtu wa kukaa na kitu cha mtu. Hebu nishikie hapa."

Nikashika.

Ijumaa, 5 Aprili

Kila jioni tunafanya miavuli. Mimi nashika, nakata uzi, natafuta springi. Nilijaribu kufunga ubavu mmoja, ukanifyatukia kidogo unitoboe jicho. Wifi akacheka. "Mke wa mdogo wangu, baki na pasi."

Jumatatu, 8 Aprili

Leo ameuchukua mwavuli wa Mzee wa Stesheni. Aliugeuza, akasogea dirishani, akaniita.

"Wifi, njoo uone. Huu haukuvunjwa na upepo."

Ubavu ukivunjwa na upepo unapinda kwanza, ndipo unakatika, na ncha inakuwa kama jino. Huu ulikuwa umekatwa mara moja, safi. Na pembeni, mbavu nyingine zilikuwa na viraka vya waya vya zamani, kila kimoja mahali pamoja, kila kimoja kazi ya mkono wa mama mkwe.

Tukatazamana.

"Ameukata mwenyewe," nikasema.

"Kila mwaka," akasema wifi.

Akakaa. Akaanza kutabasamu, mkono mdomoni, na macho yakajaa. "Mama huyu," akasema. "Mama huyu!"

Jumatano, 10 Aprili

Tumempelekea mwavuli wake. Anakaa nyuma ya stesheni, chumba safi, viatu vimepangwa. Wifi hakuweza kujizuia.

"Mzee, mwavuli wako uliumwa na koleo."

Mzee akaangalia chini. Kisha akasema, "Nilikuwa nakata mmoja tu. Nisimpe kazi nyingi."

"Na yeye alijua?"

"Alijua! Mwaka juzi aliniambia, 'Safari ijayo kata wa kushoto, wa kulia umechoka.'"

Tulicheka sisi watatu mpaka mzee akaanza kukohoa. Wifi alimuuliza kwa nini hakumwambia chochote, miaka yote ile. Mzee akaufungua mwavuli mle ndani chumbani, akautazama ukikaa sawasawa juu ya kichwa chake.

"Nimwambie nini, na yeye ameshaona?"

Njiani kurudi nilikuwa nawaza kwamba niliishi naye nyumba moja, nikamwogesha, nikajua kila kovu mwilini mwake, na chumba hiki kizima cha moyo wake sikukifungua. Nilitaka kuona wivu. Nilichoona ni kwamba nimefurahi kwa ajili yake, na furaha yenyewe haikuwa na pa kwenda.

Jumamosi, 13 Aprili

Miavuli yote imekwisha. Wifi anakumbuka mingine kwa magonjwa, wateja wa tangu akiwa msichana: "Nyonga ni ya mshona viatu." "Uchovu ni ya yule mama wa mapacha." Tunazunguka mitaani tukiwa tumebeba fungu la miavuli kama kuni, na tukilowa, maana hatuwezi kufungua ya watu. Watu wanatukaribisha. Hakuna anayetupa pole sasa. Wanatupa hadithi. Mshona viatu anasema Bibi alimtukana mbele ya wateja kwa sababu ya gundi mbaya, akabadilisha gundi. Mama wa mapacha anasema alimfundisha kunyonyesha wawili kwa pamoja, huku akiendelea na mwavuli.

Hata mwanamke wa duka la mkate. Mwavuli wake ulikuwa pipani! Kikaratasi kiliandikwa, "Huyu mwenye wake ndiye mgonjwa." Mtoto wa jirani ndiye aliyetufumbulia: alitumwa kuuleta ili mwenyewe asijulikane. Wifi alikiondoa kikaratasi kabla ya kumkabidhi. Mwanamke akaupokea, akaingia ndani, akatoka na mkate wa moto umefungwa gazetini.

"Alikuwa mgomvi," akasema.

"Sana," tukasema.

"Nani atanuniana na mimi sasa?"

Alhamisi, 18 Aprili

Binti yangu amepiga. Kwanza tulikwenda kama kawaida, umekula, nimekula. Kisha akasema, "Mama, nisamehe. Nikikupigia naisikia nyumba."

"Unaisikia vipi?"

"Haina mtu nyuma. Zamani nikizungumza na wewe Bibi alikuwa anadakia kutoka huko. Mwambie ale. Mwambie asikate nywele. Mwambie huyo kijana wake simpendi."

"Hakumpenda kweli."

"Najua, Mama. Nilimwacha."

Nilicheka, yeye akalia, halafu tukabadilishana. Aliniuliza mambo ambayo hakuwahi kuniuliza: baba yake alipokufa Bibi alifanya nini. Nikamwambia ukweli. Alichukua mwavuli wa mtu akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, siku nzima, mpaka springi ikafa. Kesho yake akaweka springi mpya. Hakunigusa wala kunifariji. Ila usiku alikuja kulala kitanda changu, mtoto katikati, na akakaa hapo mpaka mtoto alipoanza shule.

"Sikujua," binti yangu akasema.

"Hujawahi kuuliza, na mimi sikuwa na sababu ya kusimulia. Mwenyewe alikuwa hapa."

Jumanne, 23 Aprili

Mvua kidogo asubuhi. Sufuria limeungua.

Jumapili, 28 Aprili

Wifi ameondoka. Likizo yake imekwisha, rafu za dawa zinamngoja. Asubuhi aliingia jikoni kabla yangu, akapika chai, akanimiminia mimi kwenye kikombe cha maua na yeye akachukua kikombe cha bati kilichobonyea. Sote tulijua tunataniana nini.

Kituoni alinishika mkono. "Chumba cha mbele kitanda kinaenea," akasema. "Nimepima vizuri. Ila meza nisiondoe?"

"Usiondoe."

"Na wewe usihame."

"Niende wapi?"

"Sijui. Watu wengine wana tabia ya kufungasha kimoyomoyo." Akapanda. Dirishani alifuta ukungu kwa kiganja, akawa anasema kitu, sikukisikia.

Nyumba ni kubwa jioni hii. Sitajidanganya. Nilipogeuza ufunguo nilisema "Nimerudi," na neno likaenda mpaka jikoni likarudi peke yake. Nimekula nimesimama.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu. Jua. Nimefua mapazia.

Jumamosi, 11 Mei

Hakuna mvua tangu juma lililopita. Mitaa imekauka, matope yamekuwa vumbi.

Mchana nilikuwa nimefungua milango yote miwili ya mbele ili chumba kipate hewa. Akaja mwanamke mgeni kabisa, kijana, amehamia nyumba za mtaa wa nyuma, mtoto mgongoni. Alikuwa na mwavuli wenye mpini uliolegea. Aliambiwa na watu wa dukani kwamba zamani hapa palikuwa na fundi.

"Alikuwapo," nikasema. "Amefariki kabla ya mvua."

"Pole, dada. Sikumfahamu."

Wengine wote waliokuja msimu huu walikuja na Bibi Mbavu wao tayari, wakanionyesha kipande chao. Huyu hakuwa na kitu. Alikuwa amesimama juani, anamtikisa mtoto, anatazama ukuta wenye koleo.

"Alikuwa anafanya kazi peke yake, mwanamke?" akauliza. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikatoa benchi nje, kwenye kivuli. Tukakaa. Nikaanza na watoto wawili na mpangaji mwenye mikono ya kutetemeka. Nikaenda kwenye gauni la kijani, kwenye karata, kwenye ugomvi wa mkate, kwenye ufunguo. Nilimwambia alivyokuwa mrefu, na jinsi alivyouma uzi kwa meno ya upande mmoja. Nilipofika kwenye kifo sikuharakisha. Mtoto alilala, akaamka, akanyonya, akalala tena. Yule mwanamke alikuwa msikilizaji mzuri, anauliza "Halafu?" mahali panapostahili.

Alipoinuka kwenda kupika, kivuli kilikuwa kimeshavuka barabara. Alisema, "Mama yako alikuwa mtu."

"Alikuwa mtu," nikasema.

Alikuwa ameshafika mbali ndipo nilipotambua. Mchana kutwa nilikuwa nimemwita mama, mwanzo hadi mwisho, bila lile neno la pili.